Chuma cha Baba Mukwe

Jumapili, 9 Septemba 1956

Daftari hili nililinunua kwa kazi moja tu, habari ya zawadi yangu, na nikianza kuandika mengine ndani yake nitakuwa nimejisaliti mwenyewe. Jana Bwana Lenaerts, mukubwa wa karakana ya reli, aliniita ofisini. Mwezi wa kumi na moja nitatimiza miaka makumi mbili ya kuunga vyuma hapa Kindu. Wenzangu wakitimiza miaka hiyo wanapewa baisikeli na kupigwa picha. Mimi nilimuomba mashini moja ya kuungia kati ya zile mbili nzee zilizotupwa nyuma ya stoo. Moja ni ya umeme, sanduku zito lenye kamba mbili nene. Nyingine ni ya gazi: unatia mawe ya karbire ndani ya pipa, unatia maji, gazi inapanda, na moto unatokea kwenye ncha ya shalumo, bomba unaloshika mukononi. Bwana Lenaerts alicheka, kisha akakubali. Alisema nichague moja na nimuandikie sababu zangu.

Sababu kubwa sitamuandikia. Ni motokari ya Muzee Louis Amuri, baba mukwe wangu. Alikuwa dereva wa daktari mumoja muzungu, na daktari aliporudi kwao mwaka 48 alimuachia motokari yake, ambayo hata wakati ule haikuwa mupya. Tangu hapo imebeba wagonjwa wa mutaa mzima, maarusi, magunia ya muchele, na siku moja mbuzi wa Askofu. Sasa chuma kimeoza. Zile lonjero, vyuma virefu vinavyopita chini ya milango, vitupu ndani kama mwanzi, zimekuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Mwezi wa nane polisi waliifungia njia. Walisema ikifika tarehe 15 Desemba bila kutengenezwa, itavutwa na kukatwa.

Na Bernadette, muke wangu, atazaa kabla ya Noeli. Kutoka kwetu mpaka maternite, nyumba ya kuzalia ya masista, ni kilometa saba. Mutoto wetu wa kwanza alifia njiani, mwaka 51. Wa pili nilikuwa nimemubeba mama yake kwenye baisikeli, mvula ikipiga, na tulifika tumechelewa. Wakati huo Muzee Amuri alikuwa safarini Kalima na motokari yake. Sitaki baisikeli ya zawadi ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa, 14 Septemba

Mvula ya kwanza. Paa linavuja pale pale.

Jumapili, 16 Septemba

Nilikwenda kuitazama. Muntu asiye na wakwe atafikiri hii ni kazi ya nusu saa. Kwa baba mukwe siketi kwenye kiti kirefu sawa na chake. Simuulizi swali la "kwa nini". Sishiki kofia yake, wala kitanda chake, wala kitu anachokalia. Sasa niambie, motokari si ndiyo anayokalia? Nilitumia robo saa nzima kumuomba ruhusa ya kuisalimia tu.

Aliingia akaketi mahali pake, mikono kwenye usukani, akatazama mbele kama anayeendesha. Ndivyo anavyokaa kila jioni tangu polisi waifunge. Nilipiga magoti nikagonga lonjero ya kushoto kwa kidole. Kulikuwa na uchafu mweusi wa kunata, nikajua ni grisi na vumbi la barabara. Sikupenda kuchimba zaidi wakati miguu yake iko juu ya kichwa changu. Nilisema asante, nikarudi nyumbani na suruali ya kanisa imechafuka.

Alhamisi, 20 Septemba

Paul Kalonji anaunga kwa gazi meza ya pili kutoka kwangu. Ni muntu wa Kasai, mwenye kofia ya majani na maneno yasiyokwisha. Leo alisikia habari ya zawadi yangu, akaja bila kuitwa. Alisema umeme ni wa vyuma vya lokomotiva, lakini ngozi ya motokari ni karatasi, na karatasi haipigwi na radi.

Mimi nimeunga kwa umeme miaka kumi na mine. Ni mimi wa kwanza mweusi kupewa ile kazi hapa, na mask yangu ya kuvaa usoni iliandikwa jina langu. Nilimuambia Paul arudi kwenye ndoo zake za kuziba. Alicheka, akaenda, na kofia yake.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimejaribu. Nilipata kipande cha mudguard kizee, nikaweka umeme mudogo kabisa. Tundu. Nikasogea kando kidogo. Tundu. Mwisho kile kipande kilikuwa kama chujio la mama mupika pombe. Nilisema mbele ya wote kwamba fimbo za kuungia zimeingia unyevu. Paul aliinama juu ya ndoo zake, na hilo njo lilinikasirisha zaidi.

Jumanne, 25 Septemba

Nilifikiri labda ni umeme wa karakana ndio mukali, wa nyumbani utakuwa mupole. Bwana Lenaerts aliniruhusu kuichukua ile mashini siku moja. Tuliisukuma na toroli mpaka kwetu, kambi ya wafanyakazi wa reli, nikaifunga kwenye waya wa taa. Iliguna mara moja tu. Taa za nyumba kumi na mbili zilizima pamoja. Watu walitoka nje na sahani mikononi, wakataja jina langu na la baba yangu. Bernadette alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikaogopa, nikamuambia akae chini.

Jumanne, 2 Oktoba

Mvula tangu asubuhi. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 6 Oktoba

Basi gazi. Lakini Bernadette hataki kusikia. Anajua karbire, shangazi yake huko kwenye machimbo ya Kama alikuwa anaiuzia wachimba dhahabu kwa taa zao. Anasema inanuka kitunguu saumu kilichooza, na ikipata maji peke yake inatoa gazi bila kumuomba muntu ruhusa, na paa letu linavuja. Yote ni kweli. Nilimuambia nitaiweka kwenye pipa la kufunga, juu ya mbao, pembeni pakavu.

Alinitazama. "Pembeni pakavu pa nyumba gani, Godefroid?"



Jumamosi, 13 Oktoba

Nimepeleka barua kwa Bwana Lenaerts. Nimeandika sababu tatu: chuma chembamba kinataka moto wa polepole, kambi haina umeme wa kutosha, na gazi naweza kuibeba mahali motokari ilipo. Alisoma, akasema ni barua nzuri. Sikumuambia kwamba sababu zote tatu zilitoka kwenye kinywa cha Paul Kalonji.

Maana nilikwenda kwake. Nilimuomba anifundishe. Siku nane sasa, saa ya kula, ananiacha nishike shalumo yake. Hanicheki. Anashika kiwiko changu, anasema "polepole, unambembeleza", na ile midomo ya chuma inayeyuka, inakutana, inatulia. Nilikuwa nimemuona ni muntu wa makelele tu. Sasa naona makelele yake yanaishia pale moto unapowaka.

Leo aliniambia jambo moja mara mbili. "Kabla ya kuanza, umuulize mwenye motokari alitia nini ndani ya lonjero. Watu wanatia kila kitu humo." Nilijibu ndiyo, ndiyo.

Jumapili, 21 Oktoba

Nilikwenda kuuliza.

Tulizungumza juu ya mvula. Tulizungumza juu ya bei ya muchele. Aliniuliza habari ya mutoto tumboni, nikajibu nikitazama chini. Mama Odile, mama mukwe wangu, alileta ndizi za kukaanga, akaziweka mulangoni na kugeuza uso kama inavyotakiwa, nami nikageuza wangu. Nilianza: "Baba, ile motokari, ndani yake..." Akasema: "Ile motokari naitunza kuliko mwili wangu. Hakuna muntu wa kunifundisha." Basi. Nikimuuliza alitia nini, ni sawa na kumuuliza kama anaoga vizuri. Nilikula ndizi, nikarudi.

Paul aliniuliza kama nimeuliza. Nilisema ndiyo, hakuna kitu.

Jumapili, 28 Oktoba

Mashini imefika kwetu. Pipa la karbire limelala kwenye mbao, ukutani kwa jirani, juu yake bati na mawe mawili. Bernadette anazunguka mbali nalo na tumbo lake kubwa.

Jumatano, 7 Novemba

Mvula. Katika kazi walinipigia makofi kwa miaka makumi mbili. Picha hawakupiga.

Jumatatu, 12 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jana baada ya misa jua lilitoka. Nilibeba kila kitu kwa toroli mpaka kwa baba mukwe. Watoto, wanawake, wazee, wote walikuja kutazama. Muzee Amuri alitoka amevaa koti la udereva, lile la vifungo vya shaba, akaingia kwenye motokari akaketi mahali pake. Nilisimama na shalumo mukononi. Kwenye karakana ningesema: toka. Hata Bwana Lenaerts ningemuambia atoke. Mbele yangu alikuwa baba wa muke wangu, na watu wote wanatazama, na nilifikiri: naanzia kushoto, nitakuwa mwangalifu, atatoka mwenyewe akisikia joto.

Niliwasha. Niliweka kiraka changu cha kwanza chini ya mulango wake, moto mudogo, vile Paul alivyonifundisha. Kilishika vizuri. Nikaendelea. Kisha nikasikia harufu ya mafuta ya mawese yanayokaangwa.

Muntu wa mahali pengine angeshangaa. Mimi nilifikiri ni Mama Odile. Saa ile, Jumapili, kila nyumba ya Kindu ina sufuria ya mawese juu ya moto. Nilifikiri hata: leo watatupatia sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa na njaa. Nikasogeza moto mbele kwa upana wa vidole viwili.

Lonjero ilivuta pumzi. Sina namna nyingine ya kuisema. Kisha moto ulitoka kwa matundu yote kwa mara moja, mwekundu, na ukamwagika chini ukiwaka, ukaingia kwa sakafu iliyooza mpaka kwenye miguu yake. Hakupiga kelele. Alikuwa anasukuma mulango, na mulango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa sababu kitasa kilikufa zamani. Nilitupa shalumo, nikafunga gazi, nikaingia kwa dirisha mpaka kiunoni, nikamushika kwapani nikamuvuta. Miaka saba ya ndoa sijawahi kugusa zaidi ya vidole vyake vya mukono wa kulia. Tulianguka pamoja kwenye matope, yeye juu yangu.

Wanawake walizima kwa muchanga na maji ya matope. Muguu wake wa kushoto, kuanzia kisigino mpaka juu ya kifundo, ulikuwa umebabuka wote, mwekundu na mweupe.

Nilitazama chini ya mulango. Yalikuwa bado yanadondoka, tone moja moja. Mawese. Yalikuwa yamejaa mule ndani, mazee, meusi juu na mekundu chini.

Kwa musaidizi wa daktari waliuliza imekuwaje. Muzee Amuri alinitazama. Usoni kwake niliona kwamba hajui. Kwake yeye kutia mawese kulikuwa ni kuitunza motokari. Nilisema: "Niliweka moto mukubwa kupita kiasi. Ni kosa langu."

Jumanne, 13 Novemba

Nimeulizwa na watu tisa kama ni kweli nimemuchoma mukwe wangu.

Jumamosi, 17 Novemba

Mutaani wananiita Bwana Moto. Katika kazi muntu mumoja aliniuliza kama miaka makumi mbili ilikuwa ya kuunga ao ya kuunguza. Paul alimufukuza na nyundo. Kisha akanishika pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, ndani mulikuwa na nini. Nilimuambia. Alivua kofia, akaishika muda mrefu. "Uliniambia uliuliza," alisema. Alirudi kwenye meza yake, na ningependa angesema zaidi.

Bernadette hataki nimuguse. Anasema nimechoma baba yake na chombo cha kumupeleka kuzaa, vyote siku moja. Sijamuambia habari ya mawese. Nikimuambia, atamuambia mama yake, na mama atamuambia muzee, na muzee atajua kwamba ni mukono wake mwenyewe. Afadhali Bwana Moto.

Jumapili, 18 Novemba

Nilikwenda kumuona mugonjwa. Alikuwa amelala, ao alijifanya. Nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jiko, sikujua niende wapi. Kisha sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, ya Mama Odile. Hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Alisema hivi, nimeshika kila neno:

"Mukwe wangu, usijibu, sikiliza tu. Kila Jumamosi kwa miaka minane chupa moja ya mawese ilitoka jikoni kwangu. Aliona wazee kwao wanapaka mashoka na visu, havioti kutu. Nilijua, nikanyamaza juu ya heshima. Wewe nawe hukuuliza, ni juu ya heshima ile ile. Muguu wake umeungua juu ya heshima yetu sisi wawili."

Nilisikia anaweka kuni. Kisha akasema mawese hayatoki kwa maji, yanatoka kwa maji ya majivu, yale anayopikia sabuni: majivu ya maganda ya ndizi na ya vikonyo vya ngazi, matunda ya mawese, kuchujwa mara tatu. Alisema atanipa mitungi minne. Alisema pia nivae kitu machoni, kwa sababu yanachoma.

Kwa hiyo mama mukwe wangu anajua kazi yangu kuliko mimi.

Alhamisi, 22 Novemba

Siku ya ajabu, na ningecheka kama ingekuwa ya muntu mwingine. Mvula ya asubuhi iliangusha ukuta wa jirani juu ya bati langu. Nikiwa kazini, Bernadette alisikia pipa linachemka bila moto. Alizima jiko lake, akatoka na tumbo lake kwenye mvula, akapita nyumba kwa nyumba akiamuru kila muntu azime moto. Muke wangu ambaye kutembea ni shida. Niliporudi nilikuta safu nzima ya kambi wako nje wamelowa, hakuna aliyepika, na harufu ya kitunguu saumu mpaka barabarani. Tulingoja upepo uipeleke.

Karbire nyingi imekuwa uji mweupe. Iliyobaki kavu inajaza ndoo moja. Nimepiga hesabu ya kazi: ndoo moja inatosha lonjero moja. Bwana Lenaerts anasema nyingine itakuja na treni baada ya Noeli.

Usiku huu nilimuambia Bernadette habari yote ya mawese. Alilia kidogo, kisha akasema: "Ulikuwa unamufunika baba yangu." Aliweka mukono wangu tumboni.

Jumapili, 25 Novemba

Tumefua motokari. Ndiyo, kufua. Paul alikuja na pampu, tukasukuma maji ya majivu ya moto ndani ya lonjero ya kulia. Mara ya kwanza yalitoka mekundu mazito, ya pili kama supu, ya tatu yana povu. Mule ndani mawese na majivu vilikuwa vimegeuka sabuni. Mutungi wa mwisho ulikwisha hapo. Kushoto tulipita na maji ya moto tu, na vidole vyangu vilitoka vikiteleza.

Paul alisema maneno ambayo nilikuwa ninayakimbia: una karbire ya upande mumoja, na umesafisha upande mumoja. Kulia njo anapokaa abiria. Kushoto njo anapokaa dereva.

Muzee Amuri alikuwa ameketi mulangoni, muguu juu ya kigoda umefungwa na bandeji. Alikuwa anaona kila kitu. Hakuuliza kwa nini tunaanza na upande wa kulia.

Jumapili, 2 Desemba

Nimeunga lonjero ya kulia, kutoka saa mbili mpaka saa kenda. Hapakuwa na muntu ndani: niliagiza kwa sauti kwamba hakuna anayekaribia, na nilisema nikitazama ardhi, lakini nilisema. Harufu ilikuwa ya chuma tu. Mustari wangu ni munyoofu. Paul alipitisha ukucha juu yake akasema ningeweza kula mukate kwa kazi hii huko Kasai. Ndoo ni tupu. Kushoto nimepiga ubao wa muti mugumu na misumari ya kukunja, na kamba.

Jumamosi, 8 Desemba

Mvula siku ya tano. Masista wa maternite wanasema bado wiki mbili. Polisi wanasema tarehe 15 ni 15.

Jumatano, 12 Desemba

Ni jana. Saa saba za muchana mutoto wa jirani alikuja karakana akikimbia. Bwana Lenaerts aliniruhusu kabla sijafungua kinywa. Nilikuta Bernadette ameshika nguzo ya mulango na maji yanashuka miguuni, na mvula inapiga paa mpaka hatusikiani. Niliona baisikeli ya jirani imeegemea ukuta. Niliigeuzia mugongo. Sioni aibu kuandika.

Kisha nikasikia motokari.

Muzee Amuri alikuwa amefungua bandeji ili muguu uingie kwenye kiatu. Alikuwa amevaa koti la vifungo. Hakutusalimia. Alifungua mulango wa kulia kutoka ndani, na Bernadette akaketi, na lonjero haikulia hata kidogo. Mimi niliingia nyuma.

Kanyagio la kushoto linataka nguvu. Kila mara alipolikanyaga niliona shingo yake inakaza. Kwenye shimo la karibu na soko nilisikia ubao wangu umepasuka. Upande wake ulishuka, mulango wake ukafunguka, kamba ikakatika, na upepo na matope vikaingia. Motokari iliinama kushoto kama muntu anayechechemea. Aliushika mulango kwa mukono mumoja na kuendesha kwa mwingine. Nilipitisha mikono yangu nyuma ya kiti chake, nikaushika mulango naye, kifua changu kwenye bega lake, na tulikwenda hivyo kilometa nne. Bernadette alikuwa anaita mama yake. Upande wake ulikuwa mukavu. Mulango wake haukutikisika.

Mbele ya posti yao, polisi mumoja alipiga filimbi. Muzee Amuri hakusimama. Muntu ambaye miaka yote alipunguza mwendo hata akiona kivuli cha kofia ya polisi.

Mutoto alizaliwa kabla ya saa kumi. Ni musichana. Analia vibaya sana, masista wamesema ni vizuri.

Alhamisi, 13 Desemba

Polisi wamekuja kuivuta motokari. Hawakungoja tarehe 15. Muzee Amuri aliwapa ufunguo, kisha akavua koti lake akalikunja.

Jumatatu, 17 Desemba

Nimepita uwanja wa polisi. Motokari imelala kwenye majani. Kushoto imefunguka kama sanduku la sardini, kulia mustari wangu ni muzima. Nilikuta alama za fimbo kwenye matope, upande huu na upande ule. Muntu mwingine ametangulia kutazama.

Jumapili, 23 Desemba

Mvula ndogo. Muzee Amuri alikuja na fimbo yake. Ni mara ya kwanza anaingia nyumbani kwangu tangu ndoa. Nilimupa kiti, nikatafuta kigoda cha chini. Alisema niketi kwenye kiti kingine, sawa na chake. Niliketi.

Alimutazama mutoto kwenye miguu ya Bernadette, akatazama paa linapovuja, akatazama mashini ya gazi pembeni.

"Mukwe. Ile siku ya moto, ni mafuta yangu njo yaliwaka?"

Bernadette aliacha kumupepea mutoto. Ningeweza kurudia maneno niliyomuambia musaidizi wa daktari. Watu wote wanayajua, nimeyazoea.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Na mimi nilijua yapo maswali ya kuuliza, nikaogopa kukuuliza."

Alitikisa kichwa, mara nyingi, polepole. Alisema kwamba katika uwanja wa polisi alipitisha kidole kwenye pande zote mbili. Alisema upande wa binti yake ulikuwa mukavu. Alisema angekuwa ni yeye, angechagua upande huo huo. Kisha machozi yalimushuka, na hakuyapangusa, na sisi hatukugeuza nyuso zetu.

Baadaye alitoa chupa ndogo ndani ya koti. Mawese. Alimimina kidogo kwenye kiganja, akayapasha kwa kusugua mikono, kama wazee wanavyowafanyia watoto wachanga wa kwao. Alisogea mpaka karibu na mutoto. Hapo akasimama, viganja vyake vyekundu hewani, akanigeukia.

"Na huyu," alisema. "Nimupake, ao nisimupake?"

Nilimuambia apake. Alianza na miguu.